Pua tunaipa antibiotiki, sikio linalotoa usaha tunaliacha

Kiangazi imefika, vumbi iko kila mahali, na kila nyumba iko na mtu anayepenga makamasi. Simama dakika kumi kwenye farmasi yoyote ya mtaani, Goma ao Bukavu, utasikia mtu anaingia na jina la ugonjwa tayari mdomoni: "Niko na sinuziti, unipe amoxi." Anauziwa kapsule sita, labda nane, anaenda. Na katika nyumba ile anakorudi, inawezekana kuna mtoto wa miaka saba ambaye sikio lake linatoa maji yenye harufu tangu mwaka uliopita. Kwa ajili ya ule mtoto hakuna mtu anayepita farmasi. Wanasema tu, "Itaisha akikomaa."

Hapo njo hesabu yetu inapinduka. Makamasi ya mkubwa yangeisha yenyewe katika siku kumi hivi. Usaha wa mtoto hauna desturi hiyo, na kadiri miezi inavyopita unamla usikivu. Nieleze kwa nini, nikianza na pua, sababu pua na sikio ni majirani wenye mlango mmoja kati yao.

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, jozi nne: kwenye mashavu, kwenye paji juu ya macho, kati ya macho na pua, na jozi moja imejificha nyuma kabisa. Banganga wanaviita sinusi. Kila chumba kimefunikwa ndani na ngozi laini inayotoa ute, na ule ute unasukumwa na vinyweleo vidogo sana mpaka kwenye tundu jembamba linalofungukia puani. Ukipata mafua, ngozi inavimba, tundu linaziba, ute unabaki ndani, uso unakuwa mzito. Sinuziti yenyewe njo hiyo. Maana yake, karibu kila mafua iko na sinuziti kidogo ndani yake, na inayoileta ni virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kati ya wakubwa mia moja wenye mafua, ni mmoja ao wawili tu ambao bakteria wanaingia baadaye juu ya virusi.

"Lakini makamasi yangu ni ya kijani!" Hii nimeisikia mpaka kwa wenye lisansi. Ile rangi haitoki kwa bakteria. Inatoka kwa chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, ambao wako na kimeng'enya chenye madini ya chuma ndani yake. Chenyewe njo kinapaka kijani. Na askari hawa wanakuja hata kwa vita ya virusi. Mafua ya kawaida inaanza na maji meupe, siku ya tatu yanakuwa mazito na ya njano, halafu kijani, halafu yanapungua. Mtu anameza kapsule siku ya tano, siku ya nane anapona, anaambia jirani kwamba dawa ilifanya kazi. Angekunywa chai angepona siku ile ile ya nane.

Sasa, ule mmoja ao wawili kati ya mia, tutawajuaje? Banganga wanaangalia muda kwanza: zaidi ya siku kumi bila nafuu yoyote. Ao ukali: homa ya 39 na zaidi pamoja na usaha puani na maumivu ya uso, siku tatu ao nne mfululizo tangu mwanzo. Ao, na hii wengi hawaijui, mtu alikuwa ameanza kupona, halafu siku ya sita hivi anaanguka tena, homa na maumivu vinarudi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Hapo amoksisilini iko na kazi, peke yake ao pamoja na asidi klavulaniki, kwa dozi na siku ambazo munganga ameandika. Kapsule sita za kujipimia mwenyewe zinafanya kazi ingine: zinafundisha bakteria wanaoishi katika pua na koo yako kuvumilia dawa. Na wale wale bakteria tutawakuta kesho ndani ya sikio la mtoto unayelala naye chumba kimoja, ao ndani ya mapafu yake.

Kuna pia watu wanaobeba jina la sinuziti miaka na miaka, kumbe ugonjwa ni mwingine. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwangaza unaumiza macho, tumbo linachafuka, mtu anatafuta chumba chenye giza: hii inafanana zaidi na kipandauso, hata kama pua inatoka maji wakati ule ule, maana kipandauso kinaweza kuziba pua na kutoa machozi. Dawa zake ni zingine kabisa. Harufu mbaya na usaha upande mmoja wa pua kwa mtu mkubwa, angalia meno ya juu ya nyuma. Mizizi yake iko karibu sana na chumba cha shavu, na jino bovu linaweza kukijaza. Usipong'oa ao kutibu jino, antibiotiki itatuliza wiki moja na ugonjwa utarudi. Kwa mtoto mdogo, tundu moja tu linalonuka, waza kwanza kitu alichosukuma humo: haragwe, ushanga, kipande cha sponji. Ikiwa ni betri ndogo ya saa ao ya mchezo, ni mbio ya saa, siyo ya siku, kwa sababu inachoma nyama ya ndani.

Na wale wanaopiga chafya kumi asubuhi, pua inawasha, maji meupe yanatiririka, macho yanawasha, kila kiangazi ao kila wakifagia nyumba? Hiyo ni alerji. Vumbi, wadudu wadogo wa matandiko na manyoya ya paka ziko ndani ya mambo hayo. Moshi wa mbabula haileti alerji yenyewe lakini inachokoza pua iliyochoka tayari. Dawa ni vidonge kama setirizini ao loratadini, na ile inayosaidia zaidi kwa pua iliyoziba kila siku ni dawa ya kupuliza yenye kortikoidi, kwa mfano beklometazoni ao budesonide. Wengi wanaiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kitu. Inaomba kutumiwa kila siku, wiki moja ao mbili, ndiyo uone faida. Ukiipuliza, elekeza ncha upande wa sikio lako, siyo kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo ukipulizwa kila siku unatoa damu.

Matone ya kufungua pua haraka, yale ya ksilometazolini ao nafazolini, ni hadithi ingine. Yanafungua pua kwa dakika chache, raha kabisa. Ukipitisha siku tano, mishipa ya pua inazoea, na kila dawa ikiisha nguvu pua inaziba zaidi kuliko mbele. Kuna wanafunzi wanaotembea na ile chupa mfukoni mwaka mzima, wanasema hawawezi kulala bila yenyewe. Chupa yenyewe njo ugonjwa sasa. Kuiacha kunaomba uvumilivu wa wiki kadhaa, mara nyingi kwa msaada wa ile kortikoidi ya puani.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote hakuna mtu anayekuuzia: maji ya chumvi. Chemsha lita moja ya maji, iache ichemke dakika kadhaa, ipoe mpaka iwe vuguvugu. Tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa. Chukua seringi kubwa safi bila sindano, inama juu ya beseni, geuza kichwa kidogo, pumua kwa mdomo, sukuma maji polepole kwa tundu la juu; yatatokea kwa tundu lingine. Inasaidia alerji, inasaidia sinuziti ya siku nyingi, na mafua ya kawaida pia. Lakini maji ya bomba ao ya ziwa yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe. Kuna amiba, ni adimu sana ndiyo, ila ikipita puani inafika kwenye ubongo na karibu kila mara inaua.

Mbele ya kuhama kutoka pua: kope likivimba na jicho kuwa jekundu, kuona vitu viwili viwili, paji kuvimba, shingo kukakamaa, ao mgonjwa kuanza kuchanganya maneno, hayo si mambo ya farmasi. Hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Sasa tuingie kwa jirani. Kutoka nyuma ya pua kuna mrija unaopanda mpaka nyuma ya ngoma ya sikio, kazi yake kuingiza hewa na kutoa maji. Kwa mkubwa mrija ni mrefu na umeinama, kwa mtoto ni mfupi na karibu umelala. Njo sababu mafua ya mtoto inageuka ugonjwa wa sikio kwa urahisi, na watoto wengi wanapata angalau mara moja mbele ya kutimiza miaka mitatu. Analia usiku, anashika sikio, homa inapanda. Dawa ya kwanza ni paracetamol kwa kipimo cha kilo zake, sababu maumivu ni makali kweli. Antibiotiki inafuata kwa wachanga wa chini ya miezi sita, kwa wa chini ya miaka miwili wenye masikio yote mawili kuuma, kwa homa kali, na kwa sikio ambalo tayari linatoa maji. Mtoto mkubwa kidogo, sikio moja, homa ndogo: munganga anaweza kungoja siku mbili tatu akimwangalia, na wengi wanapona bila antibiotiki. Maziwa ya mama yanakinga, chanjo ya pnemokoki iliyo katika kalenda yetu inakinga, na baba anayevuta sigara ndani ya nyumba anaharibu.

Wakati mwingine usaha unasukuma mpaka ngoma inapasuka. Maumivu yanakatika palepale, maji yanatoka kwenye mto, mama anashukuru Mungu kwamba mtoto amelala. Mara nyingi tundu linajifunga lenyewe katika wiki chache. Lakini sikio likiendelea kutoa maji zaidi ya wiki mbili, tuko sasa kwenye ugonjwa wa pili. Ngoma imebaki wazi, na bakteria waliomo si wale wa mwanzo. Wengi ni wa jamii inayopenda unyevu, ambao amoksisilini haiwezi kitu juu yao. Hii njo sababu wazazi wanakata tamaa: walinunua amoxi mara mbili, mara tatu, usaha ukarudi, wakamalizia kwamba "hii haina dawa", wakaanza kutia maziwa ya mama, mafuta ya moto, maji ya majani. Hakuna aliyewaambia kwamba dawa ya sikio hili haipitii tumboni.

Ugonjwa huu ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Ripoti ya OMS ya 2004 ilikadiria watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wenye masikio yanayotoa usaha, na kwamba karibu 60 kwa mia kati yao usikivu wao umepungua kiasi cha kusumbua maisha. Wengi wao wako katika nchi kama zetu.

Matibabu ya kwanza hayaombi mashine. Sikio linakaushwa, halafu linatiwa matone ya kinoloni, kama siprofloksasini ao ofloksasini, kwa wiki mbili. Kukausha: chukua kitambaa safi chembamba ao karatasi laini ngumu isiyokatika, pindua iwe kama utambi wa koroboi, ingiza polepole, ikilowa toa, weka ingine, mpaka itoke kavu. Mara tatu kwa siku. Hapana kijiti. Baadaye pasha chupa ya dawa mkononi (dawa ya baridi inaleta kizunguzungu), laza mtoto kwa ubavu, tia matone, halafu bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa ishuke. Kama farmasi iko na siprofloksasini ya macho tu, infirmie anaweza kukuandikia itumike masikioni. Kinyume chake, ya sikio kuitia machoni, hapana. Hakuna kuogelea katika ziwa siku zile, na wakati wa kuoga weka pamba yenye vazelini mlangoni mwa sikio.

Hapa niseme neno kali kidogo. Matone mengi yanayouzwa kwetu yako na jentamisini ao neomisini ndani yake. Familia ile ya dawa inaweza kuua chembe za ndani zinazosikia, na chembe hizo kwa binadamu haziote tena. Ngoma ikiwa nzima, hatari ni ndogo, maana dawa inabaki nje. Ngoma ikiwa imetoboka, dawa inapata njia. Basi mbele ya kutia tone lolote, mtu mwenye kifaa aangalie ngoma, ao uchague kinoloni. Sindano za jentamisini pia: hospitalini zinaokoa watoto wachanga, kwa kipimo na siku zinazohesabiwa, na hakuna sababu ya kuzikataa pale. Kujidungisha mtaani kwa sababu ya "infeksio" isiyo na jina ni kitu kingine.

Na kwa kuwa tuko hapo: masikio yanayolia wakati wa dawa ya malaria, wazee wetu wanaijua, ni kwinini. (Kwetu kila kidonge kinaitwa kinini, jina lilibaki hata dawa ilipobadilika.) Mlio ule kawaida unaisha dawa ikiisha, lakini mwambie munganga bado uko kitandani, usingoje kurudi nyumbani.

Nta ya sikio haihitaji mambo mengi. Sikio linajisafisha, kijiti cha pamba kinaisukuma nyuma na kuikandamiza, na wakati mwingine kinatoboa. Ikiziba kabisa, matone ya mafuta ya zeituni siku chache yanailainisha, halafu infirmie aisafishe kwa maji ya vuguvugu, ikiwa anajua ngoma ni nzima. Sikio linalouma ukilivuta, hasa baada ya kuogelea, ni ngozi ya njia ya nje iliyochunika. Matone yanatosha mara nyingi. Mdudu akiingia, tia mafuta kidogo afe kwanza, halafu atolewe, isipokuwa kwa sikio lililotoboka. Haragwe usilitie maji, litavimba. Na mkubwa akiamka asubuhi sikio moja limekufa ghafla, bila maumivu, bila mafua, asingoje: kuna matibabu ya kortikoidi ambayo yanafaa zaidi siku za kwanza.

Tukirudi kwa mtoto wetu. Lugha yetu inamfanyia vibaya. Tunasema "huyu mtoto hasikii", na neno ni moja kwa asiyetii na kwa asiyepata sauti. Mwalimu aliye na watoto sitini darasani anamweka nyuma, sababu anazungumza na wenzake (anawauliza tu mwalimu amesema nini). Dikte anapata sifuri. Hesabu za ubaoni anaweza, za mdomo hapana. Darasa la nne anarudia, la tano anaacha. Sisi tuliofika fakulte tuliketi na watoto kama huyu kwenye benchi moja, na wengine kati yao tuliwaita wajinga.

Wiki mbili za matone zikishindwa, ao harufu ikibaki kali sana, aende hospitali kubwa aonwe na ORL. Ni wachache, ndiyo, na mara nyingi wako katika miji mikubwa tu. Anatafuta kama ngozi imeanza kukua ndani ya sikio na kula mifupa midogo. Hiyo matone hayaiponyi, ni upasuaji. Tundu la kawaida pia linaweza kushonewa kipande cha utando wa mgonjwa mwenyewe, na sikio likikaa kavu mbele ya upasuaji kazi inafanikiwa zaidi. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, uso kuvutika upande mmoja, kizunguzungu kikali, homa na kichwa kuuma sana: hospitali leo, usaha umeanza kutoka nje ya sikio kuelekea kwenye mfupa na ubongo.

Wakati ule mnangoja zamu, mnaweza kupima usikivu nyumbani. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Azibe sikio moja kwa kidole akikisugua kidogo. Toa pumzi yote, halafu nong'ona vitu vitatu, tarakimu na herufi zikiwa zimechanganyika: nne, ka, mbili. Arudilie. Akikosa, nong'ona vingine vitatu. Akipata vitatu kati ya sita, sikio lile linaenda. Akipata pungufu, halisikii vizuri. Rudia upande wa pili. Kwenye karatasi andika sikio gani limekosa, linatoa maji tangu lini, na kila kitu kilichotiwa humo, hata mafuta ya moto, hata maziwa. Ile karatasi mpe infirmie pamoja na mtoto.